Embe Chini ya Mwembe Halina Bei

(Hotuba iliyotolewa kwa wazazi, walimu na wanafunzi, Tabora mjini. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.)

Mwenyekiti wa kikao, walimu mliopo, wazazi wetu, na ninyi vijana mliojazana huko nyuma dirishani: mwangaluka! Ahsanteni.

Naomba nianze na embe. Msimu ukifika, mwembe wa njiani hapa Tabora unaangusha maembe mpaka mbuzi wanayachoka. Embe lile lina bei gani? Halina. Sasa litie kwenye tenga, lipandishe treni, lishuke Dar es Salaam. Lina bei au halina? Na embe ni lile lile. Kilicholipiwa ni safari.

Kitabu cha mtandaoni ndilo embe hilo. Wengi mmekuja na swali moja: wapi tutapata vitabu vya bure? Nitalijibu, lakini naomba mlibadili kidogo. Ulizeni: safari yake inalipiwa na nani? Maana vitabu vya bure vimejaa kuliko umri wa mtu kuvisoma. Kinachotutoa fedha ni bando, ni simu, ni umeme, ni karatasi, na mara nyingine ni tapeli tu aliyejificha kwenye kundi la WhatsApp.

Turudi nyuma kwanza. Ni tarehe 4 Julai 1971, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kijana aitwaye Michael Hart amepewa muda wa kutumia kompyuta ya chuo, lidude kubwa la siku zile. Ametoka kutazama fataki za sikukuu ya uhuru, amepita dukani kununua chakula, na kwenye mfuko wake akakuta wamemtilia nakala ya Azimio la Uhuru la nchi yao. Akaketi akalichapa neno kwa neno, herufi kubwa tupu. Alitaka kulituma kwa kila aliyekuwa kwenye mtandao ule mdogo; akaambiwa ukifanya hivyo mfumo utaanguka. Basi akaweka tangazo la mahali lilipo, anayelitaka akalichukue mwenyewe. Wakalichukua watu sita.

Sita, jamani! Kazi aliyoianza usiku ule ndiyo Project Gutenberg, ambayo leo ina vitabu zaidi ya 70,000, vyote vya kupakua bila kulipa. Hart alifariki mwaka 2011. Alichokiona mapema ni hiki: nakala ya kwanza ina jasho, lakini nakala ya pili, ya mia, ya milioni, haina. Anayekuuzia nakala ya milioni kwa bei ya nakala ya kwanza, muulize jasho ni la nani.

Ila tusidanganyane. Vitabu vya Gutenberg vingi ni vya zamani, vilivyokwisha muda wa hakimiliki kule Marekani, na vingi ni vya Kiingereza. Mwalimu wa fasihi ya Kiingereza atafurahi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayetafuta Fizikia atatoka mikono mitupu. Yeye aende wapi?

Aanzie nyumbani. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ina maktaba mtandao: ol.tie.go.tz. Humo kuna vitabu vya kiada vya shule, na kusoma ni bure. Narudia kwa sababu hapa ndipo fedha za wazazi zinapopotea: kusoma ni bure. Mmeona matangazo yale, "Softikopi za vitabu vyote kidato cha kwanza hadi cha nne, elfu tano tu, tuma kwa namba hii"? Ukilipa, ukafungua faili, utakuta kurasa zimepigwa maneno ya Kiingereza yanayosema ni kwa matumizi ya mtandaoni tu, usinakili. Maneno hayo ameyaweka TET. Aliyekuuzia ameokota embe chini ya mwembe wa jirani, kisha akakuuzia wewe, jirani akiwa yuko tayari kukupa.

Na kuna hasara ya pili, kubwa kuliko elfu tano. Mtaala umebadilika. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, na unapanda mwaka hadi mwaka. Faili linalozunguka kwenye makundi halina habari na hilo. Linaweza kuwa la mtaala wa zamani na jalada likafanana kabisa. Kabla mtoto hajasoma hata sura moja, fungua ukurasa wa haki, ule wa pili au wa tatu ambao hakuna anayeusoma, utazame mwaka wa toleo. Halafu muulize mwalimu wa somo. Dakika mbili.

Mahali pa pili pa bure ambapo watu wanapapita ni Baraza la Mitihani, NECTA. Wengi wanaingia kule siku ya matokeo tu, wanalia au wanashangilia, wanatoka. Kumbe tovuti ile ile ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Zinaeleza swali lilitaka nini, watahiniwa walikosea wapi, na zinaonyesha mfano wa jibu zuri na jibu bovu kama lilivyoandikwa na mtahiniwa. Mwalimu, ukiwa na MB chache tu wiki hii, zimalizie hapo. Sijui kitabu cha ziada cha kununua kinachoshinda kile.

Baada ya hapo ndipo utoke nje. Kwa kidato cha tano na sita na kwa wa vyuo, kuna OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani: Fizikia, Baiolojia, Kemia, Uchumi, Takwimu, vyote vya kupakua bure. Havifuati muhtasari wetu, kwa hiyo mwanafunzi asivisome kuanzia ukurasa wa kwanza. Mwalimu achague sura. Kwa watoto wadogo kuna African Storybook ya Afrika Kusini na StoryWeaver ya India, zenye hadithi fupi za picha, za Kiswahili zikiwamo. Na kwa shule isiyo na intaneti kuna Kiwix, programu inayokuwezesha kuiweka Wikipedia ndani ya kompyuta na kuisoma bila mtandao. Wikipedia ya Kiingereza nzima na picha zake inapita GB 90, hiyo achaneni nayo. Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye memori kadi ya kawaida bila shida.

Sasa sikilizeni tofauti hii vizuri, kwa sababu walimu wengi wanaivuka bila kujua. Cha TET ni bure kusoma, lakini haki zote ni za TET. Hukinakili ukagawa bila kibali chao. Cha OpenStax au African Storybook kina leseni huria, yaani mwenyewe ameshatoa ruhusa ya kukigawa, na leseni yenyewe imeandikwa ndani kwa herufi. Ukiona CC BY, nakili, chapisha, tafsiri, gawa, mradi umtaje mwandishi. Zikiongezwa NC, usifanye biashara nacho. Zikiongezwa ND, kigawe kama kilivyo, usikibadili. Kisicho na alama yoyote ni cha mwenyewe. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kuwa na kitabu kwenye Telegram hakuifuti.

Na vijana, hili ni lenu. Faili la kitabu huishia na pdf au epub. Likiishia na apk, hicho si kitabu hata kama jina ni Biology Form Four. Ni programu, na ukiiruhusu ijisakinishe inaweza kusoma meseji zako, zikiwamo zile za pesa za simu za mama.

Haya, tumejua mwembe ulipo. Twende kwenye safari.

Chukueni darasa la wanafunzi 40 na kitabu cha MB 25. Mwalimu anakituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kila simu inakivuta upya kutoka mtandaoni. Arobaini mara ishirini na tano ni MB 1,000. GB nzima ya bando la wazazi wa Tabora imeteketea kwa kitabu kimoja, na wengine simu zao zinapakua zenyewe bila kuulizwa, na kundi la kwaya nalo likakitupa tena. Kikipakuliwa mara moja kikagawiwa mkono kwa mkono, kimekula MB 25. Bei ya kitabu ni ile ile, sifuri. Kwa WhatsApp, safari imekuwa mara 40.

Kwa hiyo? Kwa hiyo vitabu vyenye leseni huria vipakuliwe na mtu mmoja, sehemu moja. Kabla ya kubonyeza, tazama ukubwa wa faili. Faili kubwa likikatika likifika asilimia 80, kwenye tovuti nyingine linaanza upya na bando lako limekwenda. Pakua usiku mtandao ukiwa mwepesi, na kama laini yako ina bando la usiku, hilo ndilo lake. Likishaingia, lifungue mpaka ukurasa wa mwisho. Faili lisilokamilika linakubali jina na jalada, likifunguliwa linasema limeharibika.

Kugawa: kutoka simu hadi simu kwa Quick Share au programu za kurushiana mafaili, hakuna bando linaloguswa. Bluetooth nayo inafika, ila kwa MB 25 subiri dakika kadhaa. Kwa simu ndogo, flashi yenye OTG, kile kichwa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la chaja.

Memori kadi jihadharini nazo. Ile ya GB 128 inayouzwa bei ya chai, mara nyingi ndani ni GB 8 iliyoandikwa uongo. Inapokea vitabu vyote bila kulalamika. Ukishapita uwezo wake halisi, vipya vinaandikwa juu ya vya zamani, na unagundua baada ya mwezi nusu ya vitabu havifunguki. Ipimeni siku ya kununua kwa programu ya bure iitwayo H2testw kwenye kompyuta: inaijaza kadi yote kisha inaisoma tena. Kadi kubwa inachukua saa nyingi. Vumilieni.

Kisha aina ya faili. Kwa nini mtoto anasema kitabu kinamuumiza macho? Kwa sababu PDF ni picha ya karatasi. Ukurasa wa A4 ukibanwa kwenye kioo cha inchi tano, herufi zinakuwa kama chawa, na akikuza anasukuma ukurasa kulia na kushoto kila mstari. EPUB haiko hivyo. Maneno yanajipanga upya kufuata kioo, unakuza herufi na mstari unajikunja wenyewe. Riwaya, hadithi, historia: tafuta EPUB. Nyingi hazifiki hata MB 2. Hisabati, kemia, jedwali, ramani: baki na PDF, laza simu, kata pambizo kwa programu kama Librera. Msijaribu kugeuza PDF ya hisabati kuwa EPUB kwa programu ya Calibre. Sehemu inavunjika, kipeo kinashuka chini, x mraba inakuwa x2 na mtoto anaikariri hivyo.

Na zipo PDF zilizopigwa picha kwa simu. Kipimo chake ni rahisi: bonyeza neno moja ulishikilie. Lisipochagulika, hiyo ni picha tupu. Hutatafuta neno ndani yake, na uzito wake unaweza kuwa mara kumi.

Sasa tuje kwa wenye kununua, maana wapo, na si dhambi kununua. Mwandishi naye ana watoto. Lakini je, unaponunua kitabu cha kidijitali, unanunua nini hasa?

Julai 2009, watu waliokuwa na Kindle, kifaa cha kusomea vitabu cha kampuni ya Amazon, waliamka wakakuta vitabu vimetoweka vifaani mwao. Walikuwa wamevilipia. Aliyeviweka dukani hakuwa na haki, Amazon ikavifuta kwa mbali na kurudisha fedha. Na mnajua vilikuwa vipi? Viwili vya George Orwell, kimoja ndicho kile ambacho sisi tunakijua kama Shamba la Wanyama. Mwanafunzi mmoja wa sekondari kule Michigan alikuta maelezo yake yote ya kazi ya likizo hayamfai tena. Maelezo yalibaki, kurasa yalizozielekea hazipo. Ikafika mahakamani, Amazon ikaomba radhi na ikalipa dola 150,000. Miaka kumi baadaye, 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Vyote vilivyonunuliwa humo viliacha kufunguka, fedha zikarudishwa.

Fedha zilirudi, sikatai. Lakini umeona ufunguo ulikuwa kwa nani? Ulichonunua ni ruhusa ya kusoma. Kwa hiyo ukinunua, pendelea muuzaji anayekupa faili lenyewe, PDF au EPUB, ulihifadhi kwako. Na kabla ya kulipa, omba kipande cha kuonja. Maduka mengi yanatoa kurasa za mwanzo bure, na hizo zinatosha kukuonyesha kama ni kitabu au ni picha za simu.

Wenye watoto vyuoni, hasa wanaosoma kozi za nje kwa mtandao, hapa msikilize zaidi. Julai 2019 kampuni ya Pearson ilitangaza kwamba vitabu vyake vya vyuo vya Marekani, kama 1,500, toleo jipya litatoka kidijitali kwanza. Bei ya wastani ikawa dola 40, chini ya karatasi. Unafuu? Zamani mwanafunzi alinunua, akasoma, akamuuzia wa mwaka unaofuata. Namba ya kuingilia haiuziki. Muhula ukiisha inakufa. Ukiona bei nzuri, uliza ni ya miezi mingapi. Kisha mwambie kijana aende kwa mkutubi wa chuo kabla hajalipa, kwa sababu vyuo vyetu vingi vinaingia bure kwenye majarida na vitabu vya mpango wa Research4Life, na wanafunzi wanamaliza shahada bila kuomba nywila.

Je, karatasi imekufa? Haijafa. Mwaka 2023 serikali ya Sweden, nchi iliyotangulia kujaza kompyuta madarasani, ilitenga kroni milioni 685 kununua vitabu vya karatasi. Korea Kusini ilianza vitabu vya kiada vyenye akili mnemba Machi 2025; Agosti mwaka huo huo bunge lao likaviondolea hadhi ya kitabu cha kiada vikawa nyenzo ya ziada. Hao wana umeme usiokatika.

Mfano ninaoupenda mimi uko karibu zaidi. Mwaka 2002, Afrika Kusini, mwanafizikia kijana aitwaye Mark Horner alikuwa kwenye maonyesho ya sayansi akieleza habari za mawimbi. Mwanafunzi wa shule ya kijijini akamfuata na daftari, akamwomba akague kama alichokinakili ni sahihi, kwa kuwa ndicho darasa lao lingekitumia kama kitabu. Fikirini hapo kidogo. Horner na wenzake wakaanza kuandika vitabu vya sayansi vya bure kwa kushirikiana mtandaoni. Kazi hiyo ikazaa Siyavula, neno lenye maana ya "tunafungua" katika lugha za Kinguni za Afrika Kusini, lugha za ndugu wa wale Watuta, kundi la Wangoni, waliowasumbua babu zetu enzi za mtemi Mirambo. Na mwaka 2012, wizara ya elimu yao ikavichapisha vitabu vya Hisabati na Sayansi vya darasa la 10 hadi la 12, kwa karatasi, ikavipeleka shuleni. Kidijitali kilikuwa njia. Kilichofika mezani kwa mtoto ni karatasi.

Njia hiyo, hata shule yenye printa moja kule Sikonge au Kaliua inaiweza, kwa kiwango chake. Mtoto wa bweni haruhusiwi simu, sawa. Mwalimu achague sura moja yenye leseni huria, kurasa 20. Achapishe mbele na nyuma, karatasi kumi. Atoe nakala tano kwa darasa, si arobaini, zisomwe kwa makundi. Ila mchoro wenye rangi auangalie kwanza: waya mwekundu na waya wa bluu vikitoka nyeusi na nyeupe vyote ni kijivu, na swali linauliza upi ni upi. Aandike kwa kalamu "nyekundu", "bluu" kwenye nakala mama kabla ya kuipeleka kwenye mashine.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Pale mezani karibu na mlango kuna laptop. Ndani yake kuna hadithi za Kiswahili za darasa la kwanza hadi la tatu, vitabu vya Fizikia, Kemia na Baiolojia vyenye leseni huria, na Wikipedia ya Kiswahili pamoja na Kiwix yenyewe. Hakuna kitabu cha TET humo, msiniulize. Hivyo someni kwenye tovuti yao. Waje wenye flashi kwanza, kisha wa OTG, wa Bluetooth mwisho maana mtatuchelewesha. Na mwenye memori kadi ya GB 128 aliyoinunua kwa elfu tatu, asogee hapa pembeni, tuipime kabla hajapakia chochote.